Mkoba wa Kazi Mtandaoni na Mwanafunzi wa Masafa katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

1. Utangulizi

Mwanafunzi asomaye mbali na chuo chake ana tatizo moja ambalo mwenzake wa darasani halijui sana: hana anayemwona akifanya kazi. Mwalimu wa darasani humwona mwanafunzi akikunja uso mbele ya swali gumu, humsikia akijikosoa na kujisahihisha, na baada ya majuma machache hujua ni nani aliyeelewa na ni nani aliyenakili kwa jirani. Mwalimu wa masafa huletewa karatasi iliyokwisha. Aonacho ni mwisho wa safari tu. Njia iliyopitwa, pamoja na mahali msafiri alipojikwaa, haionekani. Kwa sababu hiyo alama anayoitoa ni hukumu juu ya karatasi, na aghalabu haimsaidii aliyeiandika.

Makala haya yanakusudia kueleza chombo kimoja kiwezacho kulipunguza tatizo hilo, nacho ni mkoba wa kazi unaowekwa katika mtandao. Yataelezwa maana yake, historia iliyoutangulia, jinsi unavyotumika, na masharti ambayo bila kutimizwa mkoba huo hugeuka mzigo. Mfano unaotumiwa ni wa mwanafunzi wa Kiswahili aishiye katika mitaa ya Eastlands, Nairobi. Mitaa hiyo imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni makao ya watu wengi wafanyao kazi mchana, ambao wakitaka shahada hawana budi kuisoma usiku na mwisho wa juma. Pili, ni mahali ambapo Sheng ilikulia, hata mwanafunzi wa lugha aishiye huko huwa amezungukwa na data za isimu tangu anapofungua mlango asubuhi. Kutoitumia hazina hiyo katika masomo yake ni hasara kwake na kwa taaluma.

2. Jina na maana

Neno linalotumiwa na walimu wengi wa Kenya ni potifolio, na limeenea zaidi tangu Mtaala wa Umilisi ulipoanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019. Asili yake ya mbali ni Kiitaliano, katika maneno mawili yenye maana ya kubeba na karatasi. Wachoraji na wasanifu wa majengo wa Ulaya walikuwa na mfuko wa namna hiyo wa kubebea michoro yao ili kuionyesha kwa mtu aliyetaka kuwapa kazi. Elimu imeuazima kutoka kwao.

Katika Kiswahili yapo maneno mawili yanayogombea nafasi hiyo: jalada na mkoba. Jalada lina kasoro moja. Katika ofisi zetu jalada ni mahali ambapo karatasi huwekwa na mtu mwingine juu ya mtu fulani, naye mwenyewe mara nyingi haruhusiwi kulifungua. Mkoba ni kinyume cha hayo. Mkoba hubebwa na mwenyewe. Yeye ndiye ajuaye kilichomo na kwa nini kimo. Tena lugha yenyewe imeuhusisha mkoba na ustadi tangu zamani: mganga alikuwa na mkoba wake, na mtu akichukua kazi ya mwingine husemwa kuwa amerithi mikoba yake. Kwa hiyo makala haya yatatumia jina la mkoba wa kazi, au mkoba kwa kifupi, bila ya kumlaumu asemaye potifolio.

Mkoba kwa maana hii una sehemu tatu. Ya kwanza ni kazi zilizochaguliwa na mwanafunzi mwenyewe: insha, uchambuzi, rekodi ya sauti, picha ya somo alilofundisha. Ya pili ni ushahidi wa njia: rasimu za awali, maoni ya mwalimu, na masahihisho yaliyofuata. Ya tatu ni tafakari, yaani maelezo mafupi ambamo mwanafunzi anaeleza kwa nini ameichagua kazi hiyo, ilimshinda wapi, na amejifunza nini. Ikikosekana sehemu ya tatu, kilichobaki ni ghala tu. Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba haiufai mkoba huu, kwa kuwa mkoba haupimwi kwa kujaa. Kazi sita zilizochaguliwa kwa busara na kuelezwa vema zina thamani kubwa kuliko sitini zilizorundikwa.

Tafakari hiyo si pambo. Donald Schön, katika kitabu alichokitoa mwaka 1983 juu ya wataalamu na namna wanavyofikiri wakiwa kazini, alionyesha kwamba fundi mzuri hutofautiana na fundi wa kawaida kwa uwezo wake wa kuitazama kazi yake wakati anapoifanya na baada ya kuimaliza. Mwalimu mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini somo lake la ngeli halikueleweka yuko karibu zaidi na ualimu kuliko yule aliyepata somo zuri kwa bahati asijue kwa nini.

3. Kutoka posta hadi mtandao

Elimu ya masafa si jambo jipya katika Afrika Mashariki. Mwaka 1967 kiliundwa Kitengo cha Masomo kwa Posta katika Taasisi ya Mafunzo ya Watu Wazima huko Kikuyu, chini ya chuo cha Nairobi ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Walengwa wakuu walikuwa walimu wa shule za msingi ambao hawakupata elimu ya sekondari. Walipelekewa vitabu vya masomo kwa posta, wakasikiliza vipindi katika redio ya Sauti ya Kenya, wakafanya mazoezi na kuyarudisha kwa posta ili yasahihishwe. Nchini Tanzania nako, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianzisha masomo kwa njia ya posta katika miaka ya 1970.

Hatua zilizofuata ni nyingi. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha shahada ya ualimu kwa wanafunzi wa nje, ambao walisoma nyumbani na kukutana na wahadhiri wao wakati wa likizo za shule. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Chuo Kikuu Pepe cha Afrika kilianza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia, na baadaye makao yake yakawekwa Nairobi. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika pwani ya Kenya, na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti peke yake. Mwezi wa Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati ya kuanzishwa, makao yake yakiwa Konza. Kabla ya hapo, mwezi wa Machi 2020, shule na vyuo vyote vya Kenya vilifungwa kwa sababu ya Korona, na hata wale ambao hawakupata kuitaka elimu ya masafa walijikuta ndani yake. Shule hazikufunguliwa zote hadi Januari 2021.

Katika historia hiyo yote chombo cha kupeleka masomo kimebadilika mara nyingi: bahasha, redio, kanda, diski, simu. Lakini namna ya kuupokea ujuzi wa mwanafunzi haikubadilika kwa kasi hiyo hiyo. Zoezi lilipelekwa, likasahihishwa, likarudi na alama. Kisha likawekwa sandukuni. Zoezi la pili halikujua kwamba lilitanguliwa na la kwanza. Mtandao ulipokuja, vyuo vingi vilifanya jambo lile lile kwa haraka zaidi: karatasi inapakiwa, alama inarudi. Kasi imeongezeka, bali umbali kati ya mwalimu na mwanafunzi haukupungua. Michael Moore, mmoja wa wanazuoni wa elimu ya masafa, alisisitiza kwamba umbali unaodhuru katika elimu ya namna hii si wa maili. Ni ule wa kutoelewana unaotokea pale mazungumzo yanapokuwa haba. Mkoba wa kazi umekusudiwa kuongeza mazungumzo hayo.

4. Mkoba unavyotumika: mfano

Achukuliwe mwanafunzi wa kubuni, mwanamke mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, aishiye Kayole na kufanya kazi ya karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Anasoma shahada ya ualimu, somo lake kuu likiwa Kiswahili. Katika kozi ya isimujamii ametakiwa kuchunguza tofauti za msamiati baina ya rika tatu. Kwa mtindo wa zamani angeandika karatasi ya kurasa kumi, akaituma, akangoja. Kwa mtindo wa mkoba kazi inakwenda kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kukusanya. Eastlands inampa nafasi nzuri, kwa kuwa mitaa yake ilijengwa kwa nyakati mbalimbali na kila mmoja una wazee wake. Pumwani ilianza katika miaka ya 1920, na katika Majengo yake Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwa Waislamu wengi. Kaloleni ni ya miaka ya 1940. Buruburu na Dandora ni za miaka ya 1970, moja ikikusudiwa watu wenye mishahara ya kati, nyingine ikianza kama viwanja vilivyowekewa maji na mifereji ili wenyeji wajijengee. Mwanafunzi huyu anakwenda kwa mzee wa Kaloleni, anamwamkia shikamoo, anajieleza na kuomba ruhusa kabla ya kuwasha simu. Anarekodi dakika kumi. Kisha anarekodi kijana wa Jericho na mtoto wa shule wa Kayole. Anawauliza majina ya vitu vya kawaida: nyumba, fedha, mama, chakula, hadithi. Kwa jina la nyumba peke yake anarudi na nyumba, hao na keja.

Hatua ya pili ni rasimu. Anaandika kurasa mbili tu na kuziweka katika mkoba wake pamoja na rekodi. Katika orodha yake neno risto, lenye maana ya hadithi au maongezi, ameliandikia kwamba asili yake haijulikani. Mwalimu hampi jibu. Anaandika pembeni: “Litamke polepole, mara tano, kisha utamke stori. Sauti gani zimehama?” Siku tatu baadaye rasimu ya pili inakuja. Mwanafunzi ameona kwamba sauti za stori zimegeuzwa, na kutoka hapo amerudi katika orodha yake yote kutafuta maneno mengine yaliyogeuzwa namna hiyo. Kosa moja lililorekebishwa limezaa kanuni.

Hatua ya tatu ni tafakari. Anaandika sentensi chache: kwamba mwanzoni alidhani Sheng ni makosa ya Kiswahili tu, kwamba sasa anaona ina taratibu za kuunda maneno, kwamba bado hajui afanyeje darasani mwanafunzi anapoiandika katika insha ya mtihani. Swali hilo la mwisho ni la thamani kubwa. Halikuulizwa na mtu, wala lisingepata nafasi katika karatasi ya kurasa kumi. Mwalimu analichukua na kulifanya mada ya kikao kinachofuata, na wanafunzi wenzake, mmoja akiwa Kisumu na mwingine Garissa, wanalijibu kutokana na hali za kwao.

Hapo yafaa ikumbukwe kwamba Sheng imekwisha kupata uchunguzi wa kitaaluma. Mohamed Hassan Abdulaziz na Ken Osinde walichapisha makala yao juu ya Sheng na Engsh mwaka 1997. Mwanafunzi wa mfano huu haanzi jambo jipya duniani. Lakini anapoisoma makala kama hiyo baada ya kukusanya data zake mwenyewe, anaisoma kama mtu mwenye la kujibu.

Hatua ya nne huja mwishoni mwa mwaka. Katika kazi zote alizoziweka, anachagua tano au sita za kuwasilishwa ili zipimwe, na kuziandikia utangulizi wa ukurasa mmoja. Kuchagua huko nako ni mtihani: asiyejua ubora hawezi kuutenga na uhafifu.

5. Kazi ni ya nani?

Swali kubwa la elimu ya masafa, ambalo waajiri hulinong’ona na vyuo hulikwepa, ni hili: je, shahada hii ilisomewa na mwenye jina lililo juu yake? Swali hilo lina uzito wa pekee Nairobi. Ni jambo lililokwisha andikwa sana na magazeti ya nchini na ya nje kwamba vijana wasomi wa Kenya, kwa kukosa ajira, wamekuwa wakilipwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuzuia biashara ya kuuza insha kwa wanafunzi. Tangu Novemba 2022, programu ya ChatGPT ilipotolewa kwa watu wote, hata mwandishi wa kukodiwa amepata mshindani: akili mnemba huandika insha kwa dakika moja.

Anayeumizwa na hali hiyo kwanza ni mwanafunzi mwaminifu. Karani wa Kayole akiketi mezani saa nne za usiku baada ya watoto kulala, akaandika kwa jasho lake, karatasi yake itatazamwa kwa shaka ile ile kama ya yule aliyenunua. Hana njia ya kuthibitisha uaminifu wake, kwa maana karatasi iliyokwisha haisemi iliandikwa na nani.

Mkoba unampa ushahidi. Ndani yake kuna rekodi yenye sauti yake mwenyewe akiuliza maswali. Kuna rasimu ya kwanza yenye kosa lake. Kuna swali la mwalimu na jibu lake. Kuna tarehe za kila hatua. Ni vigumu kununua mlolongo kama huo, kwa sababu muuzaji angelazimika kuishi maisha ya mnunuzi. Hata hivyo haifai kudai kwamba haiwezekani. Rasimu yaweza kughushiwa, na tafakari yaweza kuandikwa na mashine kwa maneno matamu yasiyo na mwenyewe. Kwa hiyo mkoba hauna budi kuambatana na mazungumzo mafupi ya mdomo, ya dakika kumi au kumi na tano, kwa simu au ana kwa ana, ambamo mwalimu anachagua kazi moja na kumwuliza mwanafunzi: kwa nini uliibadilisha aya hii? Aliyeiandika atajibu, na pengine ataongeza jambo ambalo hakuliandika.

6. Usawa wa alama

Yeyote atakaye kuutumia mkoba kutolea alama hana budi kujifunza kutokana na jimbo la Vermont, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jimbo hilo liliingiza mikoba ya kazi katika upimaji wa shule zake, kwa masomo ya uandishi na hisabati. Wachunguzi wa taasisi ya RAND, wakiongozwa na Daniel Koretz, waligundua kwamba wasahihishaji wawili walioupima mkoba mmoja walitofautiana mno, hata alama hizo zisiweze kuaminika kwa kulinganisha shule na shule. Wakati huo huo walimu wengi walisema kwamba ufundishaji wao umekuwa bora kwa sababu ya mikoba hiyo.

Funzo lake ni wazi. Mkoba ni chombo kizuri sana cha kufundishia na chombo kigumu cha kupimia. Anayetaka kuutumia kwa kazi ya pili lazima achukue tahadhari zisizopungua tatu. Vigezo viandikwe kwa lugha nyepesi na wanafunzi wapewe mapema. Wasahihishaji waketi pamoja, wapime mikoba michache ya mfano, na wabishane mpaka waelewane maana ya kila kigezo. Tena kila mkoba, au angalau sehemu ya mikoba iliyochaguliwa bila upendeleo, ipimwe na watu wawili. Bila hayo, mwanafunzi wa mhadhiri mkali atashindwa pale ambapo mwenzake wa mhadhiri mpole atafaulu, nao wana kazi sawa.

Zaidi ya hayo, mapambo yasipewe alama. Mkoba wenye rangi na picha huvutia macho, lakini mara nyingi huonyesha tu kwamba mwenyewe ana tarakilishi nzuri.

7. Chumba, umeme na bando

Hoja zote zilizotangulia zitakuwa maneno matupu iwapo mwanafunzi hawezi kuufikia mkoba wake. Katika sehemu nyingi za Kayole, Dandora au Kariobangi, familia nzima huweza kuishi katika chumba kimoja. Meza ya kulia ndiyo meza ya kusomea. Redio ya jirani haina ukuta wa kuizuia. Umeme ukikatika, kazi inalala. Wengi hawana tarakilishi. Wana simu, nayo hutumiwa pia na watoto. Intaneti hununuliwa kwa bando, na bando la mwisho wa mwezi hushindana na unga.

Hesabu kidogo inatosha kuonyesha tofauti ambayo mpangaji wa kozi anaweza kuileta. Rekodi ya sauti ya dakika kumi, ikihifadhiwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, huwa na ukubwa wa megabaiti 5 hivi. Ikipunguzwa hadi kilobiti 16, ambacho chatosha kwa maneno ya kusemwa, huwa kama megabaiti 1.2. Video ya dakika hizo hizo kwa kiwango cha megabiti 2 kwa sekunde hufika megabaiti 150. Kwa maneno mengine, mhadhiri anayedai video pale ambapo sauti ingetosha amezidisha gharama ya mwanafunzi kwa mara thelathini au zaidi. Kwa somo la lugha, ambamo sauti ndiyo data yenyewe, dai hilo halina msingi isipokuwa kwa jambo lisiloweza kuonekana bila picha, kama ishara za mikono au mpangilio wa darasa.

Kutokana na hayo, mkoba wa mwanafunzi wa masafa uwe mwepesi. Uweze kufunguliwa kwa simu ndogo. Rasimu ziandikwe bila mtandao na kupelekwa mara moja mtandao unapopatikana. Picha zipunguzwe kabla ya kupakiwa. Pia tarehe ya mwisho isiwe saa sita kamili za usiku wa siku moja, bali muda wa siku kadhaa, kwa kuwa kukatika kwa umeme Umoja si uvivu wa mwanafunzi.

Mtaa wenyewe una misaada yake. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mjini mwaka 1931, ina matawi mawili katika Eastlands, yaani Kaloleni na Makadara. Huduma ya Maktaba za Taifa nayo ina maktaba Buruburu. Vyumba vya saiba vimetapakaa kila mtaa, na wahudumu wake ni mafundi wa kweli wa kuchapa, kupiga picha karatasi na kupakia faili. Chuo kinachokusudia kuanzisha mikoba hakina sababu ya kujenga vituo vipya kabla ya kuzungumza na maktaba hizo. Meza tulivu kwa saa mbili, mara mbili kwa juma, yaweza kumfaa mwanafunzi kuliko programu ya gharama kubwa.

Ama kuhusu programu, haiko haja ya kununua. Mahara, iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2006, ni programu huria ya mikoba ya kazi, na jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya kufikiri na kukumbuka. Hufanya kazi pamoja na Moodle, programu huria ya kufundishia iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Ubora wake mmoja unastahili kutajwa: mwanafunzi anapomaliza masomo aweza kuutoa mkoba wake wote kama kurasa za kawaida na kwenda nao. Sharti hilo lidaiwe kwa programu yoyote itakayochaguliwa. Mkoba unaobaki chuoni mwenyewe akiondoka umekuwa jalada.

8. Haki za walio ndani ya mkoba

Mkoba wa mwalimu mwanafunzi una watu wengine ndani yake: mzee wa Kaloleni, mtoto wa Kayole, darasa zima lililopigwa picha wakati wa mazoezi ya kufundisha. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatoa haki kwa kila mmoja wao, na inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto. Hivyo mwanafunzi afundishwe kuomba idhini, kueleza rekodi itatumika wapi, na kuondoa majina yasiyohitajika. Mkoba uwe umefungwa kwa kawaida, usomwe na mwalimu na wenzake wa kozi tu, na mwenyewe ndiye aamue ni ukurasa upi aufungue kwa mwajiri au kwa umma.

Pana hatari nyingine iliyo ya siri zaidi. Tafakari humtaka mtu aseme aliposhindwa. Mwanafunzi akijua kwamba maneno yake yatatumiwa kumshusha alama, ataandika tafakari za uongo, zilizojaa shukrani na mafanikio. Kwa sababu hiyo rasimu na makosa yaliyomo yasitiwe alama kamwe. Zitiwe alama kazi za mwisho na uwezo wa kueleza mabadiliko yaliyofanyika. Mwalimu asiyeweza kulishika sharti hilo ni afadhali aendelee na mtihani wa kawaida, ambao angalau haujifanyi rafiki.

9. Hitimisho

Mkoba wa kazi mtandaoni haumwondolei mwanafunzi wa masafa taabu zake, wala haumpunguzii mwalimu kazi. Kinyume chake, humwongezea, kwa maana rasimu tatu husomwa mara tatu. Chuo kinachoandikisha wanafunzi mia mbili kwa mhadhiri mmoja kisha kikatangaza mikoba kitapata mikoba isiyosomwa, na hakuna kinachomvunja moyo mwanafunzi kuliko kuuliza swali katika tafakari yake, kama lile la karani wa Kayole, akangoja jibu hadi muhula ukaisha. Palipo na mwalimu wa kusoma, vigezo vinavyoeleweka, faili nyepesi na heshima kwa siri za watu, mkoba huu humfanyia mwanafunzi jambo ambalo bahasha na redio hazikuweza: humwezesha kuonekana akifanya kazi. Karani huyo akihitimu na kusimama mbele ya mwalimu mkuu anayetafuta mwalimu wa Kiswahili, hataonyesha cheti peke yake. Atafungua mkoba, nao una sauti ya mzee wa Kaloleni, rasimu yenye kosa, na mkono wake mwenyewe ukilisahihisha.